Maswali ya dodoso: pale mshtakiwa anapopewa zamu ya kuuliza

Katika mahakama za Dar es Salaam, iwe Kisutu, Kinondoni au Ilala, hufika wakati katika kila kesi ya jinai hakimu akamgeukia mtu aliyesimama kizimbani na kumwambia: "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?" Mwenye wakili anakaa kimya, wakili wake anasimama. Asiye na wakili mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anaanza kujitetea hapo hapo, "Mheshimiwa, huyu anasema uongo, mimi siku hiyo nilikuwa Mbagala kwa shemeji yangu," na hakimu anamkatiza kwamba muda wa utetezi bado haujafika. Ama anatikisa kichwa na kujibu, "Sina swali, Mheshimiwa." Shahidi anashuka na kwenda zake. Hasara iliyotokea hapo mshtakiwa hataiona mpaka siku ya hukumu, na pengine hata siku hiyo hataelewa ilitoka wapi.

Alichokiachia kipite kinaitwa maswali ya dodoso. Ni jina linalosomwa kila wiki kwenye habari za mahakamani, ila wengi tunalipita kama tunavyopita maneno mengine ya kisheria, tukidhani linawahusu mawakili tu. Naona ni kosa kuliacha huko kwa mawakili, kwa sababu katika mwenendo mzima wa kesi ya jinai hii ndiyo nafasi pekee ambayo raia wa kawaida anamuuliza shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, tena shahidi huyo yuko chini ya kiapo na analazimika kujibu.

Tuanze na neno lenyewe, maana limebeba mizigo mitatu tofauti. Kudodosa, kwa matumizi ya nyumbani, ni kuuliza kidogo kidogo, kwa kuzunguka, mpaka jambo litoke lenyewe. Shangazi anayetaka kujua mchumba wa binti yake ni mtu wa namna gani hamvamii kwa swali moja. Anaanza na habari za safari, anapita kwa wazazi, anauliza kazi, anarudi tena kwenye safari, na mwisho kijana amejieleza bila kujijua. Watafiti nao wamelichukua neno hilo wakalipa umbo la karatasi: kwenye Sensa ya mwaka 2022 makarani walikuwa na dodoso la jamii na mengineyo, yaani orodha ya maswali iliyopangwa tayari, kila mtu anaulizwa yale yale. Mahakamani maana ni ya tatu. Dodoso ni maswali anayoulizwa shahidi na upande ambao haukumleta. Ukali wa maswali haubadilishi kitu, wala wingi wake. Kinachofanya swali liwe la dodoso ni nani anauliza.

Neno jirani, kuhoji, limetoka upande mwingine. Mzizi wake ni wa Kiarabu, ule ule wa hoja, na hoja kwa asili ni uthibitisho, kitu cha kumshinda mpinzani katika mabishano. Kwa hiyo anayehoji, kwa asili ya neno, anadai uthibitisho. Leo tunalitumia kwa polisi, kwa waandishi wa habari na kwa mahakama bila kutofautisha, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mahojiano ya polisi yana mwelekeo mmoja: askari anauliza, mtuhumiwa anajibu au anatumia haki yake ya kukaa kimya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeyawekea hata muda, saa nne za msingi tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, zinazoweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Dodoso la mahakamani linageuza meza. Yule yule aliyekuwa akiulizwa kituoni anaweza kumuuliza askari aliyemhoji: ulianza kuandika saa ngapi, nani mwingine alikuwepo, nilipewa nafasi ya kuyasoma maelezo kabla ya kuweka sahihi?

Kuna mkanganyiko mwingine unaoletwa na magazeti. "Akiongozwa na Wakili wa Serikali, shahidi wa tatu alidai kuwa..." Sentensi hiyo ni ya kawaida kabisa, na msomaji anaweza kudhani wakili alikuwa akimlisha shahidi maneno. Hapo kuongozwa kuna maana ya kupangiwa mtiririko tu: taja jina lako, unafanya kazi wapi, siku ile uliona nini, halafu ikawaje. Huo ndio ushahidi wa msingi. Swali la kuongoza, kwa maana ya kisheria, ni kitu kingine, ni lile linalobeba jibu tumboni. "Ulimwona nani?" haliongozi. "Ulimwona mshtakiwa akichukua simu, sivyo?" linaongoza. Upande uliomleta shahidi kwa kawaida hauruhusiwi kuuliza maswali ya aina hiyo juu ya mambo yanayobishaniwa ikiwa upande wa pili utapinga. Kwenye dodoso yanaruhusiwa, na ndiyo silaha yenyewe.

Baada ya dodoso, aliyemleta shahidi hupewa nafasi ya mwisho ya kusawazisha, yaani kufafanua yale yaliyochafuka wakati wa dodoso. Hawezi kuanzisha jambo jipya bila ruhusa ya mahakama, na akiruhusiwa, upande wa pili unapata tena nafasi ya kudodosa juu ya hilo jipya.

Utaratibu huu haukuzaliwa siku moja wala mahali pamoja. Wasomaji Wakatoliki wanaikumbuka habari ya Susana katika nyongeza za kitabu cha Danieli: wazee wawili wanamsingizia uzinzi, Danieli anawatenganisha, kisha anamuuliza kila mmoja peke yake tendo hilo lilifanyika chini ya mti gani. Kila mmoja anataja mti wake. Njia ya mwongo ni fupi. Hata leo mashahidi ambao hawajatoa ushahidi husubiri nje ya chumba cha mahakama, kwa sababu ile ile. Athens nako, mwaka 399 kabla ya Kristo, Socrates alimuuliza maswali mshtaki wake Meletus mbele ya baraza lililokuwa likimhukumu, kama Plato alivyosimulia. Kuulizana maswali kwenye shauri, basi, ni jambo la kale. Kilichochelewa mno ni kulifanya kuwa haki ya kila mshtakiwa.

Mfano unaotajwa sana ni wa Sir Walter Raleigh. Mwaka 1603 alishtakiwa mjini Winchester, Uingereza, kwa kula njama dhidi ya Mfalme James wa Kwanza. Ushahidi mkubwa ulikuwa maelezo ya Lord Cobham, mtu aliyekuwa kifungoni na ambaye alishawahi kuyakana maelezo hayo. Raleigh aliomba jambo moja: Cobham aletwe, waonane uso kwa uso, ayaseme mbele yake. Cobham alikuwa hai na alikuwa mikononi mwa Serikali hiyo hiyo. Hakuletwa. Maelezo yakasomwa, Raleigh akatiwa hatiani, na mwaka 1618 akakatwa kichwa. Karatasi haidodosiki. Unaweza kuisoma mara mia, haitatoka jasho, haitasita, haitasema "sikumbuki vizuri."

Mabadiliko yalikuja polepole, na sababu yake ni ya kusikitisha. Mwaka 1692 Bunge la Uingereza lilitangaza zawadi ya pauni 40 kwa atakayesababisha mnyang'anyi wa barabarani kutiwa hatiani. Fedha hiyo ilikuwa nyingi kwa zama hizo, na ikazaa watu waliofanya kukamata wezi kuwa biashara, wengine wakiwaapia wasio na hatia mpaka kwenye kitanzi ili walipwe. Kufikia miaka ya 1730, majaji wa mahakama ya Old Bailey jijini London walianza kuruhusu mawakili wawaulize mashahidi maswali kwa niaba ya washtakiwa. Kabla ya hapo, kati ya makosa makubwa, wakili wa utetezi alikuwa amekwisharuhusiwa kisheria kwenye kesi za uhaini tu, kwa sheria ya mwaka 1696. Ruhusa yenyewe ilikuwa nusu: wakili aliweza kuuliza, lakini hakuruhusiwa kuwahutubia wazee wa baraza (jury), yaani raia walioamua kama mshtakiwa ana hatia, kumtetea mteja wake. Hilo lilingoja mpaka mwaka 1836. Kwa miaka mia moja hivi, wakili wa utetezi hakuwa na njia nyingine ya kusema isipokuwa kwa kuuliza. Naamini hapo ndipo dodoso la Kiingereza lilipopata makali yake. Mtu aliyefungwa mdomo akaachiwa swali tu, atajifunza kusema kila kitu kwa swali.

Kutoka huko likasafiri. James Fitzjames Stephen aliandika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, na vifungu vya 137 na 138 vikaweka hatua tatu tulizozitaja pamoja na mfuatano wake. Waingereza walipoichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, waliileta sheria hiyo ya India mwaka 1920. Ilitumika hapa mpaka baada ya Uhuru, ikaondolewa na Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, tunayoitumia hadi leo ikiwa na marekebisho mengi. Ukiziweka sheria hizo mbili mezani utaona mtoto kafanana na mama. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake zenyewe za ushahidi, tangu mwaka 1964, zilizoandikwa kwa urahisi zaidi, nazo pia zinampa kila upande nafasi ya kuwauliza mashahidi wa mwenzake.

Sasa twende kizimbani tuone linavyofanya kazi. Chukua kesi ya kubuni: kijana wa Tandika anashtakiwa kumpora mtu simu karibu na kituo cha daladala, saa nne usiku. Mlalamikaji amesema, "Nilimtambua, ni huyu." Mshtakiwa hakuwepo pale. Atauliza nini?

Mahakama ya Rufani ilishatoa mwongozo tangu mwaka 1980 kuhusu utambuzi wa macho, hasa wa usiku: umbali ulikuwaje, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu kiasi gani, shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, alikuwa anamfahamu kabla au la. Kila kipengele hapo ni swali linalosubiri kuulizwa.

"Shahidi, ilikuwa saa nne usiku, ndiyo?"
"Ndiyo."
"Taa ya barabarani ilikuwa upande wa pili wa barabara?"
"Ndiyo, upande wa pili."
"Aliyekupora alikuja kwa nyuma?"
"Alikuja kwa nyuma, akavuta simu, akakimbia."
"Polisi uliandika kwamba alikuwa amevaa kofia?"
"Ndiyo, kofia."

Hapo anyamaze. Anayo tayari mambo manne: usiku, taa ya mbali, mgongo, kofia. Wengi hawawezi kujizuia, wanaongeza la tano, "Sasa ulinitambuaje?" Shahidi anapumua, anajibu: "Nakujua, kila siku unanunua chipsi pale kwa jirani yangu." Swali hilo moja limeujengea upande wa mashtaka ukuta ambao wenyewe hawakuwa wameujenga. Dodoso baya linaweza kuziba pengo la ushahidi wa mpinzani, na jibu lililotoka kwa swali lako mwenyewe huwezi kulirudisha mdomoni. Ndiyo maana mawakili wazoefu, ambao wakiongea wenyewe kwa wenyewe husema "kukrosi", mara nyingine huuliza maswali machache sana na kukaa.

Eneo la dodoso ni pana kuliko watu wanavyofikiri. Si lazima ubaki ndani ya yale shahidi aliyoyasema kwenye ushahidi wa msingi, ilimradi swali lihusu jambo linaloihusu kesi. Unaweza kumuuliza ili kupima ukweli wake, ili ajulikane ni nani na ana nafasi gani katika maisha, au ili kutikisa uaminifu wake: mna ugomvi wa kiwanja, mlishawahi kudaiana fedha, mwenye duka ni kaka yako? Hakimu naye ana mamlaka ya kuzuia maswali ya matusi na ya kumdhalilisha shahidi bila sababu, na anapaswa kuyatumia, hasa pale anayeulizwa ni mtoto au mtu aliyeumizwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo baada ya kuahidi mahakamani kusema kweli na kutosema uongo. Mtoto huyo pia hudodoswa.

Lililo gumu zaidi kwa asiye na wakili ni kutumia maelezo ya polisi. Mara nyingi shahidi aliandika jambo moja kituoni, akasema lingine mahakamani. Haitoshi kulalamika kwamba "anabadilisha maneno." Utaratibu unataka shahidi aoneshwe au asomewe ile sehemu hasa inayopingana na alichokisema sasa, apewe nafasi ya kuijibu, kisha maelezo hayo yaombwe kupokelewa kama kielelezo. Ukiruka hatua, maelezo yanabaki kwenye faili la polisi, na mahakama haiwezi kuyazungumzia kwenye hukumu kana kwamba yalikuwa mbele yake.

Turudi kwa yule aliyesema "Sina swali." Mwaka 1893, katika shauri la Browne na Dunn, majaji wa Baraza la Malordi la Uingereza walisema kwamba ukikusudia kumwita shahidi mwongo, haki inataka umwambie hivyo yeye mwenyewe akiwa kizimbani, ili aweze kujieleza, badala ya kungoja ameondoka. Kanuni hiyo imeota mizizi kwetu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imerudia katika hukumu nyingi kwamba upande ulioshindwa kumdodosa shahidi juu ya jambo la msingi unahesabiwa kuwa umelikubali, na hauwezi baadaye kuiomba mahakama isimwamini shahidi huyo katika jambo hilo. Kwa hiyo yule kijana akija siku ya utetezi na kusema alikuwa Mbagala, swali la kwanza litakuwa: mbona hukumuuliza mlalamikaji?

Kanuni hiyo haimwondolei Jamhuri mzigo wake. Kosa bado linapaswa kuthibitishwa pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi, na ushahidi mbovu haugeuki kuwa mzuri kwa sababu tu hakuna aliyeuuliza. Lakini kwa wakili aliyesoma miaka minne chuo kikuu kanuni hii ni ya haki, na kwa mama muuza samaki aliyetolewa mahabusu asubuhi hiyo ni mzigo mzito mno. Katiba, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Sioni ukamilifu pale mtu anapoulizwa "una swali?" bila kuelezwa kwamba ukimya wake utasomwa kama kukubali. Hakimu hawezi kuwa wakili wake, hilo ni sawa. Kumweleza kwa sentensi mbili maana ya nafasi anayopewa hakumgeuzi kuwa wakili.

Kuna jambo moja dogo ambalo karibu hakuna mshtakiwa analijua, nalo linahusu kalamu. Kwenye mwenendo wa kesi, kwa desturi, ushahidi hauandikwi kama swali na jibu. Huandikwa kama masimulizi ya shahidi. Ukikuta herufi XXD kwenye kumbukumbu za mahakama, ujue hapo dodoso limeanza, na chini yake utaona majibu peke yake. Ukiuliza, "Si kweli kwamba tuna ugomvi wa kiwanja?" na shahidi akasema hapana, kinachobaki kwenye karatasi ni "Sina ugomvi na mshtakiwa." Swali lako limepotea, na jaji wa rufaa atakayesoma miaka mitatu baadaye hataona ulikuwa unalenga wapi. Kwa hiyo swali zuri la dodoso ni lile ambalo jibu lake, likisimama peke yake, bado linasema kitu. "Taa ilikuwa upande wa pili wa barabara" linasimama. "Hapana" halisimami.

Kwa miaka mingi hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani shahidi alisema kwa Kiswahili, mshtakiwa akauliza kwa Kiswahili, na hakimu akaandika kwa mkono kwa Kiingereza. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mahakama imeanza kutumia mifumo ya kunukuu sauti. Kila hatua hapo inapunguza yanayopotea kati ya mdomo na karatasi.

Aliye na kesi asisubiri siku ya shahidi ndipo afikirie maswali. Sheria inaelekeza mshtakiwa apewe nakala ya malalamiko na ya maelezo ya mlalamikaji atakayekuwa shahidi. Aiombe mapema, mbele ya hakimu, na ombi hilo liandikwe. Ayasome na mtu mwenye subira, ndugu au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wakiweka alama kila penye saa, mahali, umbali, rangi ya nguo na jina la mtu mwingine aliyekuwepo. Maswali yaandikwe kwenye karatasi, mafupi, jambo moja kwa kila swali, na karatasi hiyo anaweza kumwomba hakimu aisome akiwa kizimbani. La kwanza liwe juu ya lile ambalo yeye mwenyewe atalisema siku ya utetezi: kama alikuwa Mbagala, shahidi asishuke kabla hajaambiwa hivyo.